Brundtland na Stoltenberg: safari mbili za uongozi Norway

Wote wawili ni wa Chama cha Wafanyakazi, wote ni watoto wa mawaziri, na kila mmoja alikuwa waziri mkuu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 41. Lakini njia zao ni tofauti kabisa.

Gro Harlem Brundtland ni daktari. Mwaka 1974 aliteuliwa Waziri wa Mazingira kabla hajawahi kuwa mbunge. Aprili 1977 kisima cha mafuta cha Bravo kilifumuka katika Bahari ya Kaskazini, mafuta yakamwagika kwa takriban wiki nzima, naye ndiye aliyekabiliana na maswali. Mwaka 1986 akaunda baraza la mawaziri la watu 18, wanane wakiwa wanawake. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko hata ukurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani alioupata mwaka 1998.

Jens Stoltenberg, mchumi, alipanda ngazi kwa ngazi: viwanda na nishati 1993, fedha 1996, uwaziri mkuu 2000. Baada ya miaka 10 ya kuiongoza NATO, mwaka 2025 alirudi wizara ileile ya fedha, safari hii chini ya Waziri Mkuu Jonas Gahr Støre, aliyewahi kuwa waziri wake wa mambo ya nje.