Uzoefu wangu: shabu, mafuta ya nazi, sabuni ya mwani na singo

Kati ya vitu vyote vya asili nilivyojaribu tangu nilipoamua kupunguza losheni na sprei za dukani, kilichonikaa bila ubishi ni jiwe la shabu, ninalolipaka kwapani. Nalitanguliza kwa sababu ndilo nililolitegemea kidogo, na ndilo lililofanya kazi kuliko vyote. Nyuma yake yapo mafuta ya nazi, halafu sabuni ya mwani, halafu singo, ule unga wa viungo na maua wa kujisugulia mwili. Kila kimoja nitakisema kilivyo, na kisiponifaa nitasema hakikunifaa.

Naishi Dar es Salaam. Anayeujua mji huu mwezi wa pili analijua jasho lake: unatoka bafuni, hujamaliza kuvaa, mgongo umeshalowa. Ukipanda daladala unasimama, mkono umeshika bomba la juu, na abiria wa pembeni uso wake uko sawasawa na kwapa lako. Kwa hiyo kitu cha kwapa sikipimi kwa kinavyonukia asubuhi. Nakipima saa kumi na moja jioni, foleni ya Barabara ya Kilwa imesimama na madirisha nusu hayafunguki.

Shabu nililinunua Kariakoo, kwa wale wauza dawa za asili wanaopanga ubani, habasoda na magome ya miti kwenye magunia yaliyokunjwa midomo. Ni jiwe jeupe linalopitisha mwanga, ukiliona kwa haraka utadhani ni kipande cha barafu. Wengi wanalijua kwa kazi nyingine. Vinyozi wa zamani walilipitisha kidevuni baada ya wembe ili damu ikate, na vijijini linazungushwa ndani ya ndoo ya maji ya mto ili tope lizame chini. Kipande cha shilingi elfu moja kinakaa miezi na miezi, na changu bado hata nusu hakijafika.

Navyotumia ni hivi. Nikishaoga, kwapa likiwa bado na maji, nalowesha jiwe na kulipitisha taratibu mpaka nisikie linateleza bila kukwaruza. Jipya lina ncha kali zinazoweza kukuchana, kwa hiyo lilainishe kwanza: lisugue kwenye simenti yenye maji mpaka kingo ziwe mviringo. Likishapita linaacha utando mwembamba usioonekana, na ngozi unaisikia inakaza kidogo. Ule ukakasi unaoupata ukiligusa kwa ulimi ndio huohuo linaoufanyia ngozi. Subiri kidogo likauke ndipo uvae.

Jambo moja lieleweke, maana wengi hulitupa shabu wiki ya kwanza kwa kulidai kisicho kazi yake. Halizuii jasho. Utatoka jasho kama kawaida, labda pungufu kidogo, na nguo italowa. Linachozuia ni harufu. Jasho likiwa linatoka mwilini karibu halinuki kabisa. Harufu huja pale bakteria wanaoishi kwapani wanapolivunjavunja. Shabu huwafanyia bakteria hao mazingira magumu. Ndiyo maana lazima lipakwe kwenye ngozi safi. Ukilipaka juu ya jasho la tangu asubuhi, umechelewa. Na shati la kitambaa cha plastiki lililoshika harufu ya miaka, shabu haliwezi kulisaidia, hilo ni la kulowekwa au kuachana nalo.

Jingine, na hili nalisema kwa uzito: mtu akikuuzia shabu akakuambia "hili halina aluminiamu", anakudanganya au hajui. Shabu ni chumvi ya potasiamu na aluminiamu. Tofauti yake na dawa za dukani za kuzuia jasho ni namna linavyofanya kazi: zile hutumia aina nyingine za chumvi za aluminiamu zinazoziba vijitundu vya jasho, shabu hubaki juu ya ngozi. Mimi nalipenda kwa sababu linafanya kazi, halina manukato yanayogombana na ya kwangu, haliachi michirizi myeupe kwenye nguo nyeusi, na ni rahisi. Sina haja ya kulipamba kwa uongo.

Usilitumie mara tu baada ya kunyoa. Linachoma. Nanyoa usiku, shabu naliacha mpaka asubuhi. Na usiliweke kwenye kisahani chenye maji, litayeyuka lote.

Kuna watakaoniuliza kuhusu ndimu, maana Pwani kila nyumba ina shangazi anayeamini nusu ndimu kwapani. Ni kweli asidi yake hupunguza harufu kwa muda. Lakini maji ya ndimu na limau yana kemikali zinazoifanya ngozi iungue kirahisi ikipigwa na jua, na kinachobaki ni madoa meusi yanayokaa miezi. Sipaki ndimu mwilini, na usoni ndiyo kabisa.

Sasa mafuta ya nazi. Nimeshatumia ya kununua na ya kupika mwenyewe, na ya kupika yameshinda, japo kazi yake si ndogo. Unachukua nazi kavu zilizokomaa, unazikuna kwa mbuzi, unakamua tui la kwanza lile zito, unaliacha usiku kucha. Asubuhi krimu imepanda juu. Unaiengua na kuibandika kwenye moto mdogo. Hapo ndipo penye subira: mwanzo inachemka kwa povu na kelele, kwa sababu maji bado yamo. Kelele zikianza kufifia, vibaki vinazama na kugeuka rangi ya kahawia, nyumba yote inanukia, na mafuta yanatulia kimya juu yake yakiwa safi. Epua hapohapo. Ukiwahi, maji yanabaki na mafuta yanachacha ndani ya siku chache. Ukichelewa, yananuka kuungua. Chuja kwa kitambaa kikavu, weka kwenye chupa kavu. Nasisitiza kavu.

Nayapaka mwili ukiwa bado unyevunyevu, kabla ya taulo kumaliza maji yote. Mafuta peke yake hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Ukiyapaka kwenye ngozi kavu utang'aa dakika kumi kisha magoti yanarudi kuwa meupe, halafu unayasingizia mafuta. Kiasi cha kijiko kimoja kinanitosha mwili mzima. Kwenye nywele nayapaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kwa sababu karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya loriki, ambayo hupenya ndani ya unywele wenyewe badala ya kubaki juu tu. Nywele zangu ni za kipilipili, zilikuwa zinakatika kila nikichana baada ya kuosha. Sasa kwenye kitana inabaki nywele chache sana, na hilo nimelifurahia kuliko ninavyoweza kueleza.

Usoni yamenikataa. Chunusi zilijaa kidevuni na pembeni ya pua, nikayaacha zikapungua. Mafuta ya nazi yanajulikana kwa kuziba vinyweleo vya uso kwa watu wengi, kwa hiyo mwenye ngozi ya mafuta asishangae. Na hayakingi jua, wasikudanganye.

Dada yangu yupo Lushoto. Nilimpelekea chupa, akanipigia simu: "Dada, mafuta yako yameganda, mbona kama umechanganya na kimbo?" Nikamwambia ayaweke juani. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kule milimani kuganda ni tabia yake, na Dar yakikaa majimaji muda mwingi wa mwaka ni tabia yake pia.

Sabuni ya mwani ndiyo niliyoitafuta kwa moyo, na hapa nakiri upendeleo, kwa sababu nawaheshimu sana wanawake wanaoulima. Kilimo cha mwani wa biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani vikiwa miongoni mwao, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Wanaingia baharini maji ya bamvua yakitoka, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kwenye vijiti, na baada ya wiki sita hivi wanavuna. Mwani mkavu unauzwa kwa bei ndogo kwa kilo, unasafirishwa nje ukatoe karajinani, ile inayogandisha vyakula na dawa ya meno. Na ile aina yenye bei nzuri zaidi, kotoni, imekuwa ikifa kwa sababu maji ya ufukweni yamezidi kupata joto. Kwa hiyo vikundi vilivyoamua kusaga mwani wao na kutengeneza sabuni vimejiongezea thamani kwa mikono yao wenyewe, na mimi nikiinunua najua hela yangu inaishia wapi.

Mche wa kwanza niliununua kulekule Unguja, wa mwani na mchaichai. Povu lake ni zito, dogodogo, halirukiruki. Unga wa mwani ndani yake unausikia kwenye kiganja, chembe laini zinazosugua bila kuchubua. Baada ya kuoga ngozi haikunivuta. Viwiko vilivyokuwa vigumu vililainika, ingawa sifa hiyo nitaigawa na mafuta ya nazi, maana vilitumika pamoja.

Mche wa pili niliununua kwa mfanyabiashara mmoja hapa mjini, siwezi kumtaja, na ulinipa muwasho kwenye shingo na ndani ya viwiko. Ulikuwa bado mbichi: ukiubonyeza kwa kidole unaingia, na harufu ya kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, ipo chini ya mchaichai. Sabuni ya kukoroga kwa baridi inapaswa kukaa wiki nne mpaka sita ikikauka na kukomaa kabla ya kumfikia mtu. Huyu bibie ama alikuwa na haraka ya hela ama hakufundishwa. Niliuacha mche huo juu ya kabati muda mrefu, ukakauka, nikauhamishia kwenye kufulia vitambaa.

Hata ikiwa imekomaa, sabuni yoyote ya kweli ina alkali kuliko ngozi, ambayo kwa asili ina asidi kidogo. Kwa hiyo sabuni ya mwani naitumia mara moja kwa siku, jioni. Asubuhi ni maji matupu, na sabuni kwenye kwapa na sehemu zinazohitaji tu. Wenye pumu ya ngozi wamuone daktari kwanza. Neno "asili" kwenye kifungashio halimaanishi kilichomo hakiwashi.

Singo imebaki kuwa ya raha. Niliipata soko la Darajani, Unguja, kwa bibi mmoja anayeuza viungo, nikamsalimia shikamoo, nikamwambia nataka ya kutumia kila siku. "Marahaba mwanangu. Hii si ya kila siku. Hii Alhamisi jioni, ukae nayo, ukoge, ulale." Nimemfuata. Ndani yake kuna liwa, karafuu, rihani, maua makavu ya mlangilangi, asumini na waridi. Unaikoroga na marashi ya waridi mpaka ishikane, unajisinga kuanzia miguuni kupanda, inakauka kidogo, kisha unaisugua itoke kwa vipande vidogovidogo vinavyobeba taka za ngozi. Harufu inakaa mpaka kesho yake kwenye shuka. Bafu litachafuka, na taulo jeupe usilisogeze karibu. Kwa sababu ya karafuu, inapasha ngozi joto. Sehemu nyororo na zilizonyolewa ziepushwe.

Je, inang'arisha rangi? Hapana. Inaondoa ukavu na taka za juu, rangi yako inaonekana vizuri, basi. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaojaza krimu za kuchubua ndani ya vikopo na kuandika "singo ya kung'arisha". Krimu zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku Tanzania, na sababu ipo: zebaki inaingia mwilini na kuharibu figo, haidrokwinoni ikitumika ovyo inaacha ngozi na weusi wa bluu usiotoka. Nimemwona jirani yangu vidole vyake vilivyobaki vyeusi kwenye viungo wakati uso umekuwa mwekundu. Ni mwanamke mzuri, alikuwa mzuri tangu mwanzo, na inaniuma kila nikimwona anajifunika khanga juani.

Kwa atakayenunua: shabu chagua jiwe zima lisilo na ufa. Mafuta ya nazi yanuse kabla ya kulipa. Yanayochoma pua yamechacha. Sabuni ibonyeze, iwe ngumu, na uliza imetengenezwa lini. Singo ifungue kifuniko: unga uwe na rangi ya udongo na majani, uone vipande vya maua kwa macho. Ikiwa nyeupe laini ya kuteleza, irudishe kwenye meza ya muuzaji. Na chochote utakachonunua, kipake kwanza ndani ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, ulale nacho usiku mmoja kabla ya kukipeleka mwili mzima.