Stima ikipotea: kitundu au valvu?

Mwenye tangi la samaki lenye sampu chini (tangi la pili ambamo pampu huchota maji na kuyapandisha juu), hapa Mombasa, haogopi papa. Anaogopa stima kupotea saa nane usiku. Pampu ikizima, maji ya juu hujivuta kurudi chini kupitia bomba lile lile lililokuwa likiyapandisha, na sampu isipokuwa na nafasi, zulia ndilo linalokunywa.

Wengi hukimbilia valvu ya kuzuia maji kurudi. Ni rahisi kufunga, na siku ya kwanza hufanya kazi vizuri ajabu. Lakini chembe moja ya mchanga, konokono mdogo, au ukoko wa chokaa wa maji ya bahari ukikaa kwenye kifuniko chake, hakifungi sawasawa. Nawe hutajua mpaka ukanyage maji.

Kitundu ni cha bei ya kutoboa tu: milimita 5 hivi kwenye bomba hilo la kupandisha maji, sentimita moja chini ya uso wa maji ya tangi la juu. Uso ukishuka kidogo, hewa inaingia, mvuto unakatika. Tangi la sentimita 120 kwa 45 hupoteza lita 5.4 kwa kila sentimita. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 10 chini bila kitundu, hizo ni lita 54! Nacho huzibwa na mwani, kwa hivyo kipitishie kijiti kila wiki.

Mimi natoboa. Valvu iongeze ukipenda, ila sampu iwe na nafasi kana kwamba valvu haipo. Kisha zima pampu mchana, ukiwa umesimama hapo na tambara mkononi.