91, 95 au 98? Tathmini ya petroli za kwenye pampu na chupa za kuongeza oktani

Namba ya oktani iliyobandikwa kwenye pampu haipimi nguvu ya petroli. Inapima uvumilivu wake: mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haujajiwasha wenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Lita moja ya 98 haina nishati ya ziada ambayo dereva ataihisi kuliko lita moja ya 91. Kwa hiyo swali la "ipi bora?" halina jibu mpaka ijulikane ni injini gani itakayoinywa.

Kwanza soma namba vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea kabla hata hawajafungua pochi. Kipimo kinatokana na vimiminika viwili: iso-oktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Petroli ya 95 huvumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za iso-oktani na 5 za heptani. Kuna kipimo cha RON, kinachofanywa kwenye injini maalumu ya silinda moja ikizunguka mara 600 kwa dakika, na cha MON, kwa mizunguko 900 na mchanganyiko wenye joto zaidi. MON kwa kawaida huwa chini ya RON kwa namba 8 hadi 10 hivi. Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya Asia pampu huandika RON. Marekani na Kanada huandika wastani wa RON na MON. Matokeo yake, 87 ya Marekani inakaribiana na 91 RON, 91 yao na 95 RON, na 93 yao na 98 RON. Mwenye gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani akiona kitabu kinadai 91, kisha akajaza 91 RON, amepungukiwa namba 4 na hajui.

Magari ya soko la Japani nayo yana desturi yake. Kule petroli ya kawaida huanzia 89 RON na ya premiamu huanzia 96. Kibandiko cha ndani ya kilango cha tenki kikisema ya kawaida, 91 inatosha kabisa. Kikisema premiamu, tafuta 98. 95 iwe ndiyo mwisho wa kushuka.

Sasa kinachotokea ndani. Plagi hupiga cheche pistoni ikikaribia juu, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kwenda pembeni. Mabaki ya mchanganyiko yaliyo mbele ya moto huo yanabanwa na kupashwa joto kwa nguvu. Petroli isipovumilia, mabaki hayo hulipuka kwa mkupuo na kutuma mawimbi ya shinikizo yanayogonga kuta za silinda. Sauti yake utaisikia ukipanda mlima kwa gia kubwa, injini ikiwa chini ya mizunguko 2,000 na mguu umekandamiza: kama misumari midogo inayotikiswa ndani ya kopo. Ukipunguza mafuta, inanyamaza. Ukiachia iendelee, fungua plagi uangalie kauri nyeupe kwa kioo cha kukuzia. Vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni dalili ya kugonga. Vikiwa na chembe zinazong'aa, hiyo ni alumini ya pistoni yako inayoyeyuka kidogo kidogo. Hatua inayofuata ni kuvunjika kwa kingo zinazoshikilia ringi, na hapo injini inafunguliwa.

Magari ya leo yana sensa ya kugonga, kitu kidogo kilichofungwa kwa bolti kwenye bloku. Ikisikia kugonga, kompyuta huchelewesha cheche kwa nyuzi chache za mzunguko wa injini. Injini inapona, lakini nguvu inapungua, ulaji wa mafuta unaongezeka na eksozi inapata joto zaidi. Sensa hiyo inategemea bolti yake ikazwe sawasawa, mara nyingi karibu na Nm 20 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Fundi akiikaza kwa kukisia, au akiweka washa mahali ambapo haitakiwi, kompyuta itasikia vibaya.

Tukija kwenye madaraja yenyewe.

91 inastahili heshima kuliko inayopewa. Kwa injini isiyo na turbo, yenye mbano wa kama 9 au 10 kwa 1, na kitabu kikiruhusu, ndiyo ununuzi sahihi. Usidanganywe na mbano peke yake, hata hivyo. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hupoza mchanganyiko petroli inapogeuka mvuke, na hivyo huvumilia mbano mkubwa zaidi. Mazda waliuza Marekani injini za Skyactiv zenye mbano wa 13 kwa 1 zikitumia petroli ya kawaida ya 87 ya huko. Kitabu cha gari kinashinda hesabu ya kichwani.

95 ndiyo daraja lenye kazi nyingi zaidi, hasa kwa injini ndogo zenye turbo. Hapa tofauti na 91 ni ya kweli: turbo husukuma hewa nyingi, shinikizo linapanda, na mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo ni mazingira halisi ya kugonga. Kwenye miinuko mirefu ya nchi, injini isiyo na turbo hupata hewa nyepesi na mahitaji yake ya oktani hushuka. Yenye turbo hufidia hewa hiyo, kwa hiyo usiipunguzie daraja kwa sababu ya mwinuko.

98 ni nzuri mahali pake na ni hasara kwingineko. Soma neno lililotumika kwenye kitabu. "Lazima" maana yake lazima. "Inapendekezwa" maana yake gari litatembea kwa daraja la chini, lakini nguvu iliyotangazwa ilipimwa kwa daraja la juu. Kama kitabu kinasema 91 na hakitaji kingine, 98 haina cha kukupa. Hesabu ni hii: 98 ikiwa ghali kwa asilimia 10, ulaji unatakiwa upungue kwa asilimia 9 hivi ndipo uwe umerudisha pesa. Injini iliyopangiwa 91 haiwezi kukurudishia hiyo. Wengine huinunua kwa ajili ya visafishio vilivyomo. Hivyo husaidia pua za sindano zinazopuliza petroli, lakini kwa injini inayopuliza moja kwa moja, petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo kaboni ya pale haitaguswa.

Ukitaka kupima mwenyewe, usihukumu kwa tenki moja. Ngoja tenki iwe karibu tupu, jaza hadi pampu ijikate, rudia mara tatu kwa kila daraja katika njia zilezile, na gawanya lita kwa kilomita, usitegemee skrini ya dashibodi. Mwenye kifaa cha kusomea kompyuta atazame nyuzi za cheche gari likipanda mlima. Kompyuta ikiwa inachelewesha cheche kila mara kwa daraja ulilo nalo, na daraja la juu likaondoa hali hiyo, umepata jibu.

Chupa za kuongeza oktani ndizo zinazotusikitisha zaidi. Lebo husema "pointi 5", na mnunuzi hudhani 91 itakuwa 96. Mara nyingi katika biashara hiyo pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba, kwa hiyo umepata 91.5. Zilizo na manganizi au chuma huacha tabaka jekundu au la rangi ya machungwa kwenye plagi, na likizidi, cheche hupotelea humo na injini huanza kukosa moto. Kuchanganya madaraja kwenye tenki kunafanya kazi hiyohiyo kwa uhakika zaidi: lita 10 za 91 zilizobaki ukiongeza lita 30 za 95, unapata karibu 94.

Umejaza 91 kwenye gari la 95? Hakuna haja ya kumwaga tenki. Endesha polepole, shusha gia mapema ili injini isilemewe, usivute trela, na tenki ikifika nusu ongeza 98. Lita 20 kwa lita 20 zinakupa 94.5 hivi.

Na kama daraja ni sahihi lakini injini bado inagonga, usikimbilie namba kubwa zaidi. Angalia joto la injini, plagi za kiwango kisichofaa, hewa inayoingia kwa ufa kwenye bomba la hewa, oili inayopenya kwenye silinda, na kaboni iliyojaa juu ya pistoni. Kaboni hupunguza nafasi na kushika joto, hivyo injini ya zamani huanza kudai oktani zaidi ya ilivyokuwa mpya. Kagua pia unakonunua: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushuka oktani vibaya, hata kama pampu inaandika 95. Ukiidondosha kwenye karatasi nyeupe, petroli safi hukauka haraka, ya kuchanganywa huacha alama ya mafuta.