ORS ya BRELA kwa kampuni ya halmashauri: inafaa, ila chungeni uhamisho

Kwa halmashauri inayotaka kampuni yake ya kuendesha stendi, soko au viwanja, mfumo wa ORS, yaani mfumo wa kusajili kampuni mtandaoni wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), tunaupa nyota nne kati ya tano. Hakuna haja ya kupanda basi la Dar: jina, fomu, malipo kwa namba ya udhibiti na cheti, vyote vinamalizikia kwenye kompyuta.

Makosa mengi huanzia nje ya mfumo. Jiji la Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha ni vyombo viwili, kama ilivyo Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Jiji na manispaa zipo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288; wilaya zipo chini ya ile ya Mamlaka za Wilaya, Sura 287. Muhtasari wa Baraza la Madiwani ukisema "Halmashauri ya Arusha" basi, mwenye hisa hajulikani ni nani. Andikeni jina kamili, idadi ya hisa na aliyepewa mamlaka ya kusaini.

Kampuni yenye ukomo wa dhamana, isiyo na hisa bali wanachama wanaoahidi kuchangia kiasi fulani ikivunjwa, huwavutia wengi, lakini haigawi faida kwa wanachama. Mapato ya stendi hayatarudi halmashauri kama gawio. Mkitaka gawio, chukueni ya hisa. Ada hupanda na mtaji: ukizidi shilingi milioni 50 ni 440,000, mbali na 22,000 kwa kila waraka unaowasilishwa. Mtaji wa bilioni wa kujionyesha hauna maana.

Shughuli huchaguliwa kwenye orodha ya ISIC, mpangilio wa kimataifa wa aina za biashara, na madhumuni ya katiba ya kampuni lazima yaoane nazo. Kisha fomu ya pamoja hupakuliwa, husainiwa, huskaniwa na kupakiwa. Hapo ndipo wengi hurudishwa: mtu amesahihisha herufi moja kwenye mfumo, halafu anapakia fomu iliyosainiwa jana. Ukigusa chochote, chapa upya, saini upya. Fomu 14b, tamko kwamba sheria imefuatwa, iapwe mbele ya kamishna wa viapo. Muhuri usifunike tarehe.

Nyota ya tano inaliwa na uhamisho wa watumishi. Mfumo humtambua mtu kwa namba ya NIDA na TIN, haujui wadhifa. Mkurugenzi wa Jiji akihamishiwa Tabora, BRELA bado inamwona yeye. Katiba iseme ujumbe wa bodi unakoma wadhifa unapokoma, na katibu wa kampuni awasilishe badiliko kabla mhusika hajafunga mizigo, maana saini yake mtaitafuta.