Ofrenda a la tormenta: Amaia Salazar alistahili mwisho bora kuliko huu

Tahadhari: hapa nataja mhalifu ni nani. Kama hujatazama trilojia ya Baztán, yaani filamu tatu za upelelezi za Hispania, na unataka kuifumbua mwenyewe, ishia hapa, urudi ukishamaliza.

Filamu mbili za mwanzo nilizipenda sana, na nyumbani niliwaomba wote waweke simu chini, maana Kihispania hatukijui na maandishi ya chini hayamsubiri mtu. Ya kwanza, El guardián invisible ya 2017, inaanza na maiti ya msichana kando ya mto Baztán, kule Navarra kaskazini mwa Hispania. Juu ya mwili kimewekwa kikeki cha kienyeji kiitwacho txantxigorri. Inspekta Amaia Salazar, anayeigizwa na Marta Etura, anarudishwa Elizondo alikozaliwa kuongoza upelelezi, na familia yake yenyewe ni ya waokaji. Kikeki kinapelekwa maabara, unga wa waokaji wa bondeni unalinganishwa, na kila jibu linamsogeza karibu na jamaa zake. Hapo ndipo iliponinasa. Kulikuwa na misitu, mvua isiyokatika na hadithi za Kibaski za viumbe wa porini, lakini kesi ilisimama juu ya unga.

Ya pili, Legado en los huesos ya Desemba 2019, ilizidi kutubana. Wanaume waliowaua wanawake wanajiua na kuacha neno moja: Tarttalo, jina la jitu lenye jicho moja katika hadithi za Kibaski. Na nyuma ya kesi hiyo yupo Rosario, mama mzazi wa Amaia, aliyetaka kumuua binti yake akiwa bado mtoto. Susi Sánchez anamwigiza Rosario bila kupaza sauti, na bado mama yangu mdogo alikuwa akijifunika kanga usoni kila alipotokea. Mwishoni mto uliofurika unadhaniwa umemchukua Rosario, lakini maiti haikuonekana. Tukalala na swali hilo.

Kwa hiyo ya tatu, Ofrenda a la tormenta, tuliingia na hamu kubwa. Filamu hii ilipangwa kuingia kumbi za sinema Machi 2020, korona ikafunga kumbi, ikaishia kutoka Netflix tarehe 24 Julai mwaka huohuo. Mwanzo wake ni mzuri kweli. Mtoto mchanga amekufa kitandani, na mkongwe wa familia anasema ni Inguma, jinamizi linalowakalia watu usingizini na kuwakata pumzi. Sisi ambao wazazi wetu waliishi Pemba 1995, wakati wa hofu ya popobawa, hatukuhitaji kufafanuliwa. Sebule ilinyamaza.

Kisha ikaanza kutuponyoka. Mambo mengi ya kesi yanakuja kwa mdomo: mtu anaketi na kusimulia habari za kundi la zamani lililotoa watoto kafara, kisha mwingine anasimulia, kisha mwingine tena. Amaia anasikiliza tu. Yule mpelelezi aliyekuwa akigundua mambo sasa anaambiwa mambo, na filamu yenyewe ina zaidi ya saa mbili na robo! Nafasi iliyobaki inakwenda kwenye mapenzi yake na hakimu Markina, huku James, mume wake na baba wa mtoto wake, akisukumwa pembeni. Sikatai mwanamke mwenye majeraha kama yake kuteleza. Ila matukio ya kitandani yamerefushwa, na kila dakika iliyotumika hapo imenyang'anywa upelelezi.

Wifi yangu alimtaja Markina kabla filamu haijafika katikati. Hoja yake ilikuwa rahisi: hakuna mwingine aliyebaki wa kushukiwa, na Leonardo Sbaraglia ni mwigizaji mkubwa mno kuletwa kwa ajili ya kubusu tu. Jibu lilipofichuliwa kuwa ni yeye kweli, hakuna aliyeshtuka. Mama mdogo aliuliza, "Ndiyo huyu tu?" akaondoka kwenda kuswali. Mdogo wangu peke yake aliitetea. Kwake, usaliti wa mtu unayemkumbatia unauma kuliko usaliti wa mgeni, na msichana aliyekosa mapenzi ya mama ndiye rahisi kunaswa hivyo. Hoja hiyo naiheshimu. Hata mimi sina ugomvi na Markina kuwa ndiye; nilichokitaka ni kurudi nyuma kichwani na kuona alama zake zilivyokuwa zimetawanywa tangu filamu ya pili, niseme kumbe, kumbe. Nilirudi nyuma, nikakuta macho makali na sauti laini, basi.

Kilichoniuma zaidi ni Jonan. Huyu kijana amekuwa mkono wa kulia wa Amaia tangu kesi ya kwanza, msomi, mpole, mwenye kuzijua hadithi za bonde lile. Anauawa. Etura analia kilio ambacho nilikiamini kabisa, nami nikalia, na tukio hilo ndilo bora katika filamu nzima. Lakini hadithi inampita upesi mno. Mtu tuliyemfuata filamu tatu anageuka kuwa hatua ya kumfikisha Amaia kwenye jibu. Na Rosario, aliyebeba hofu yote ya familia, naye anamalizwa kama deni dogo linalofungwa mwisho wa mwezi.

Nijuavyo, filamu ya pili na ya tatu zilipigwa kwa mfululizo, chini ya mwongozaji yuleyule wa ya kwanza, Fernando González Molina. Ndiyo maana sura ya bonde haikubadilika: ukungu, mawe yaliyolowa, jiko la Engrasi, shangazi yake Amaia, lenye moto. Kwa macho bado ni filamu nzuri.

Mbili za kwanza zitazameni bila wasiwasi, ya tatu itazameni kwa sababu ya Etura na ule mwanzo. Zifuate kwa mpangilio, maana ya tatu haimsaidii mtu aliyeruka. Na aliye na kichanga ndani ya nyumba aiache kwanza. Dada yangu alikuwa bado kwenye arobaini, akanyanyuka mapema kabisa akaenda chumbani kumsikiliza mwanawe anavyopumua, na hakurudi tena sebuleni.