Mwezi mmoja wa kupikia mkaa wa vifuu, Tanga

Kwa mwezi mzima nyumbani kwetu Makorora, jijini Tanga, tumekuwa tukipikia mkaa mbadala wa vifuu vya nazi, ambao niliununua katika duka dogo la Ngamiani kwa shilingi 1,500 kwa kilo. Kilichonivuta ni kwamba mkaa huu haukatiwi mti: nazi imekwisha kukunwa, tui limekwisha kukamuliwa, na kifuu kilikuwa kinangoja jalala tu. Vifuu huchomwa ndani ya pipa lisiloingiza hewa nyingi ili viwe makaa badala ya kuteketea, kisha husagwa, huchanganywa na uji wa unga wa muhogo ili vishikane, hushindiliwa na kuanikwa juani.

Niseme mapema kwamba mkaa huu haumfai mwenye haraka. Asubuhi ya kwanza niliuwasha kama ninavyowasha mkaa wa kawaida, nikapepea hadi mkono ukafa ganzi, na watoto wakanywa chai kwa jirani. Baadaye nilijifunza kutanguliza makumbi makavu, kuyaacha yashike, kisha kupanga vipande kwa kuviachanisha. Hata hivyo hupita kama dakika 20 kabla ya moto kukolea, kwa hiyo chai ya alfajiri tumeirudisha kwenye gesi.

Sifa zake huonekana katika mapishi ya muda mrefu. Vipande vinane nilivyoviweka saa nne asubuhi viliivisha maharage makavu, na kwa moto uleule nikayaunga kwa nazi bila kuongeza hata kimoja. Wali ndio ulionishangaza zaidi, kwani nilipoupalia makaa juu ya mfuniko hayakurusha cheche wala kupasuka, joto likaenea sawasawa, na ukoko ukabanduka mzima kama sahani. Moshi ni mdogo mno, lakini jambo hilo lisimdanganye mtu akaingiza jiko chumbani na kufunga madirisha, maana mkaa wowote unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Lawama yangu ni kwa mfuko wa pili. Baada ya kupika nilikuta jikoni mabonge mekundu yaliyokauka kama vigae, dalili kwamba udongo ulizidishwa ili kuongeza uzito. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi, lakini tangu hapo huvunja kipande kimoja kabla ya kulipa, na nikiona wekundu ndani nakiacha. Tena mfuko wa karatasi haufai kwa unyevu wa pwani, kwa kuwa vipande vilivyopata maji humumunyuka.

Kuhusu bei, mkaa wa kawaida mtaani kwetu huuzwa kwa kopo, na makopo yenyewe yana ujanja wake, hivyo kulinganisha kunahitaji mizani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Watengenezaji wa mkaa mbadala wanaotaka sehemu ya wateja hao hawana budi kuacha udongo. Mimi nimekwisha kuagiza kilo 10 nyingine, na safari hii nimekwenda na ndoo yangu yenye mfuniko.