Miaka mitatu na besi ya mtumba

Wiki hii watu wawili wameniuliza kama kununua gitaa la besi lililotumika ni akili au ni kujitafutia gharama. Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hiki.

Langu nililinunua Machi 2022, hapahapa Morogoro, kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga dansi enzi zake. Kwa wasioujua, huu ndio mji wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kwa hiyo ukiuliza taratibu utaambiwa kuna vyombo uvunguni mwa vitanda vya wazee ambavyo dukani hutaviona. Mzee alitaka 380,000. Nikatoa 320,000 pamoja na shikamoo nyingi, akanipa na mkanda wake wa ngozi uliokakamaa kama ulimi wa kiatu.

Aliniambia ni Fender orijino, ile kampuni ya Kimarekani ya magitaa. Kichwani jina lilikuwa limefutika, limebaki doa tu. Umbo lenyewe ni la Jazz Bass kweli, ile ambayo Fender walianza kuiuza mwaka 1960: pikapu mbili (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), nobu tatu (mbili za sauti, moja ya toni), freti 20 (vile vyuma vinavyokata shingo), na shingo inayobana kule juu, upana wa kama milimita 38 tu. Hiyo shingo ndiyo iliyonivuta. Mikono yangu ni midogo, na besi ya kanisani niliyojifunzia ilikuwa na shingo pana kama ubao wa kukatia mboga. Hii niliishika, kidole kidogo kikafika. Basi, moyo ukawa umeshanunua, kilichobaki ni maneno.

Miezi mitano baadaye fundi alipofungua pikapu ndipo tukaona ukweli: ndani, pale rangi ilipoishia, mbao zilikuwa tabaka juu ya tabaka. Plaiwudi. Viwanda vya Japani miaka ya 1970 vilitoa nakala nyingi za namna hiyo, na sina shaka langu ni ukoo huo. Sikumrudia mzee. Kwanza naye huenda aliambiwa hivyohivyo na aliyemuuzia. Pili, kwa 320,000 mtu anayetegemea Fender halisi ana lake. Na tatu, linalia vizuri.

Jambo moja nilifanya sawasawa kabla ya kutoa hela, na ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza: kagua shingo, mengine yote yana fundi. Nililishika kama seremala anavyokagua mbao, jicho moja limefumba, nikatazama kutoka chini mpaka kichwani kama limepinda upande. Halafu nikabana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikaangalia katikati. Uzi ukiwa umenyooka hivyo unageuka rula. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, kama unene wa kadi ya biashara. Kwangu penseli ingekaribia kupita. Shingo ilikuwa imevutwa na nyuzi kwa miaka, lakini imevutwa sawa, haijajikunja kama kamba. Iliyovutwa sawa inarudi. Iliyojikunja, mwachie mwenyewe hata kama anakupa bure na chai juu.

Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kuirudisha. Kwenye gitaa langu kichwa chake kimejificha kwenye kitako cha shingo, kwa hiyo unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne nyuma, unaitoa shingo yote, unakaza kwa bisibisi ya nyota robo ya mzunguko, unarudisha kila kitu, unatuni, unaangalia. Haijatosha? Unaanza upya. Nilifanya hivyo mara tatu Jumapili moja mchana, mama akipita mlangoni na kuuliza kama nimelivunja. Usikaze kwa hasira. Chuma kile kikikatika, shingo imekwisha. Siku hizi naligusa mara moja au mbili kwa mwaka, hasa masika ikianza, mbao zinapokunywa unyevu.

Umeme wake alinishughulikia fundi redio, si fundi wa magitaa. Nobu zilikuwa zinakwaruza ukizizungusha kama mtu anakanyaga changarawe, na tundu la jeki lilikuwa limelegea, sauti inakuja na kuondoka. Alisafisha nobu kwa dawa ya kupuliza, akapiga lehemu upya nyaya mbili, 15,000. Wala hakuwahi kufungua gitaa maishani. Besi isiyotumia betri ndani yake ni waya chache tu, redio ya mkulima ina mambo mengi zaidi.

Kitu ambacho hakukitoa, wala hakitoki, ni mngurumo. Pikapu za aina hii kila moja peke yake inanasa mvumo wa umeme ulioko chumbani. Zikifunguliwa zote mbili mpaka mwisho, zinafutana na kimya kinarudi. Ukipunguza moja ili upate toni tofauti, mvumo unaingia. Mimi nimejifunza kupiga zote zikiwa wazi na kubadilisha toni kwa mkono: karibu na briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, sauti inakuwa kavu na inasema, ukisogea kuelekea shingo inakuwa nene.

Nyuzi. Mzee hakukumbuka mara ya mwisho kuzibadilisha, na zilikuwa zimeshika rangi ya chai. Bei ya seti ya nyuzi nne za besi itakushangaza, inazidi seti ya sita za gitaa la kawaida, maana chuma chake ni kingi. Mwaka wa kwanza nilizichemsha. Ndiyo, sufuriani, dakika kumi hivi, ukazitoa, ukazikausha kabisa kwa kitambaa. Jasho na uchafu uliojibana kwenye mizunguko ya waya unatoka, na uzi unalia kama mpya kwa wiki moja au mbili. Nilichemsha mara mbili. Ya tatu uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, ukakatika wakati nakaza, ukanichapa mkononi, nikakubali yaishe, nikanunua seti ya unene wa 45 mpaka 105 (hizo ni elfu za inchi). Nilipoipiga siku ile nikaelewa kwamba nusu ya kilichokuwa kinaniudhi kwenye gitaa hili kilikuwa nyuzi.

Sasa kwenye spika, nilikosea vibaya. Hela ilikuwa imeisha kwenye gitaa, nikalichomeka kwenye sabufa ya kaka yangu kwa waya wa kuunga. Sauti ikatoka nyembamba kama nzi ndani ya kopo, kwa sababu tundu lile linategemea umeme mkubwa zaidi ya ule unaotoka kwenye pikapu. Nikafungua mpaka mwisho. Siku ya tatu nikapiga uzi mnene ukiwa wazi, karatasi ya spika ikachanika. Uzi ule unatikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ya inchi sita iliyotengenezwa kwa ajili ya muvi haikujengwa kupigwa ngumi za namna hiyo kila pigo. Kaka alinuna wiki mbili, na nililipa. Baadaye nikapata ampu ya besi, nayo mtumba, wati 100, spika ya inchi 15, kwa 450,000. Umeona hesabu? Spika imekuwa ghali kuliko gitaa. Anayekuambia besi ya mtumba ni rahisi hajakuambia habari ya ampu.

Kuna jambo la simu ambalo sikuwa nimelitegemea. Kwaya yetu inarekodi mazoezi kwa simu na kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Mwezi wa kwanza mwalimu wa kwaya akaniuliza mbele za watu, "Dada, mbona siku hizi hupigi?" Nilikuwa nimepiga mwanzo mpaka mwisho! Spika ya simu haina uwezo wa kutoa noti za chini kiasi kile, kwa hiyo kwa wanaosikiliza kwenye simu mimi sikuwepo. Tangu hapo nafungua toni zaidi na kupiga karibu na briji tukirekodi, ili zile sauti za juu zinazofuatana na noti zisikike, sikio likamilishe zilizobaki. Wenyewe sasa wananisifu kwamba nimeendelea.

La hatari kuliko yote sikuambiwa na mtu. Ukumbini tulikuwa tunachomeka ampu yangu kwenye soketi moja na mixa kwenye nyingine upande wa pili, na soketi zenyewe waya wa ardhini zilikuwa nao kwa jina tu. Nikaitikia kibwagizo huku mkono uko kwenye nyuzi, mdomo ukagusa maiki, nikapigwa shoti ya mdomo mpaka machozi. Nyuzi zimeunganishwa na chuma cha ampu, maiki imeunganishwa na mixa, na wewe katikati umekuwa waya. Fundi umeme alichimbia chuma cha ardhini nje ya ukumbi, na sisi tukahamishia vyombo vyote kwenye laini moja. Hata hivyo maiki yangu naivalisha sponji mpaka leo. Kama ukumbi mnaopigia ni wa hivyo, msingoje mtu aumie.

Usafiri ni kituko. Gitaa lina urefu wa karibu mita moja na ishirini na uzito wa zaidi ya kilo nne. Kwenye bodaboda shingo inapita kichwa changu, kwa hiyo kila mti wa mwembe wa njia ya kwetu naujua kwa tawi lake la chini. Kwenye daladala konda mmoja alinitoza nauli ya pili. "Huyu mwenzako naye amekaa," akasema. Nikalipa huku nacheka.

Kulipiga, sasa. Kwenye tenzi besi inatembea nyuma ya kwaya kwa adabu, na gitaa hili linafanya hivyo bila tabu. Linapoamka ni kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya dansi ambapo magitaa yanatawala. Hapo besi haikai kugonga mwanzo wa kila pigo kama nyundo, inaruka, inaacha nafasi, inarudi pale ambapo hukuitegemea, na magitaa mengine yanapata pa kuchezea. Ukitaka kusikia jinsi mtu anavyoacha nafasi, tafuta rekodi za TPOK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, alipokuwemo Mpudi Decca kwenye besi, usikilize mahali ambapo hapigi. Nakala yangu ya plaiwudi, ikibanwa kwa kiganja karibu na briji, inatoa ule mdundo mfupi wa "dup" unaotakiwa. Harusi za Jumamosi zimesharudisha hela ya gitaa, na ya ampu imebaki kidogo.

Kasoro yake moja haina dawa. Kwenye uzi wa G, freti ya tano, noti ya C inakufa. Unaipiga, inaanza vizuri, halafu inazimika kama mshumaa uliopulizwa, wakati jirani zake wa freti ya tatu na ya nane zinaendelea kuimba. Nilibadilisha nyuzi, nikakaza chuma, nikainua briji, wapi. Baadaye nikajua besi nyingi zenye shingo ya skrubu zina sehemu kama hiyo, mahali ambapo mbao za shingo zinatikisika pamoja na noti na kuimeza. Mwaka mzima nilidhani ni kidole changu.

Mwezi uliopita mzee alikuja kwenye harusi tuliyopiga Kihonda. Wakati wa chakula akasogea jukwaani, akaomba alishike kidogo. "Karibu, mzee, ni lako," nikasema. Akalivaa, akafumba macho, akapiga rumba ya taratibu katika C. Nikamwangalia mkono. Kila wimbo ulipomrudisha kwenye ile C ya juu, vidole havikwenda freti ya tano ya uzi wa G. Vilipanda mpaka ya kumi kwenye uzi wa D, noti ileile, mara ya kwanza, ya pili, ya sita, bila kukosea hata moja.

"Mzee," nikamwambia akilivua, "kumbe ulikuwa unaijua."

"Nini tena, binti?" akasema, akaenda kuchukua pilau.